Maji ya Mama Nona

Tangu nirudi hamjanipa nafasi ya kunywa chai ikiwa moto. Ninyi wenzangu wa kiwanda cha kahawa mnataka habari ya meli. Wanawake wa Witeithie wanataka kujua watu wa kule wanakula nini. Mzee Njuguna wa kanisa letu la Kalimoni hakutaka meli wala chakula. Aliniita kando ya mlango Jumapili ile ya kwanza akaniuliza neno moja tu: "Mutua, ulimwaga?"

Nilijaribu kumjibu pale pale nikashindwa. Ndiyo nimekaa chini kuandika, mpate kusoma wote kwa pamoja na mniache nipumzike. Habari ya vibali na tiketi nimeiruka. Kila mtu aliyeishi hapa kwetu miaka hii ya Hali ya Hatari anajua kusimama foleni ni nini, na sina la kuwafundisha.

Wengi wenu mnamjua Fundi Silva, lakini kuna vijana walioingia kiwandani juzi. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Seloni, aliyekuja Ruiru akiwa kijana kutengeneza mashine za kumenyea kahawa. Mimi nilikuwa mtu wake wa kumshikia spana hadi nami nikawa fundi. Mkewe aliitwa Nona, nasi tukamwita Mama Nona kwa heshima. Hawakujaliwa mtoto. Mke wangu Nduku alipojifungua mara ya kwanza, akimzaa Mumbua wetu, na mambo yakawa magumu, Mama Nona ndiye aliyekaa naye toka asubuhi hadi jioni akimshika mkono, akimwimbia kwa lugha ambayo hatukuijua. Kila msimu wa mavuno alinunua ndengu zetu, na hakuzitaka za mtu mwingine.

Mama Nona alifariki Thika. Mwaka ulipokaribia kwisha Fundi akaniambia kwamba kwao mtu akitimiza mwaka kaburini, jamaa zake huwalisha watawa wa hekalu kwa ajili yake. Mama Nona alikuwa ameomba jambo hilo lifanyike katika hekalu moja lililo ubavuni mwa mlima, kando ya njia ambayo mahujaji wao hupandia kwenda kuona unyayo mtakatifu kileleni. Alibebwa huko mgongoni mwa mama yake akiwa mchanga. Fundi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na goti lake moja lilikuwa halikunji.

"Mutua, mimi naona mwangaza tu," aliniambia. "Njia sioni. Wewe utakuwa macho yangu?"

Nilikubali kabla hajamaliza. Mzee Njuguna alipopata habari alikuja nyumbani, akanywa uji, kisha akasema: "Msindikize mzee, hiyo ni kazi ya Kikristo. Lakini kumbuka wewe ni shemasi. Wakianza kumwagia wafu vitu vyao, simama mbali. Maji yakimwagika hayazoleki."

Alijua anachosema. Babangu hakuonja uki, ile pombe yetu ya asali, kabla ya kumimina kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Siku ya kubatizwa kwangu niliapa mbele ya kanisa zima kwamba sitammwagia mfu kitu tena. Mzee Njuguna ndiye aliyenishika bega nikiapa.

Kutoka Ruiru hadi Mombasa

Nduku alitufungia mfuko wa ndengu safi, zilizopepetwa mara mbili. "Mpikie Mama Nona hizi," alisema, kana kwamba tunakwenda kumkuta jikoni. Akauzungushia mukwa wake, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hupitisha kwenye paji la uso wakibeba kuni na maji. Nilimwambia mwanamume hawezi kuonekana na mukwa kichwani. Akanijibu, "Ithe wa Mumbua," yaani baba Mumbua, "mkono mmoja utashika mzee, mwingine utashika fimbo. Mfuko utashika na meno?"

Fundi alikataa kukaa behewa la Wahindi. Alikaa nami daraja la tatu, miguu juu ya mfuko. Gari moshi likasimama nyikani karibu na Tsavo tangu asubuhi hadi alasiri, eti ndovu wameharibu njia mbele. Mama mmoja Mtaita aliyekuwa na mihogo ya kuchemsha aligawia behewa zima. Alipomfikia Fundi alisita, hakujua kama Mhindi atakula mkononi mwa Mwafrika. Fundi hakuona kusita kule. Alinyoosha mikono miwili pamoja, kama tunavyopokea sisi, akasema, "Asante mama, nafikiri wewe pia umefiwa, wewe nagawa kama mtu aliyefiwa." Yule mama akakaa chini akalia. Ni kweli, alikuwa anatoka kumzika dada yake. Mpaka leo sijui Fundi alijuaje.

Juu ya maji, na Bombay

Ya meli ni mafupi, msinilaumu. Tulilala sitahani juu ya mikeka, nilitapika, nikaacha kutapika. Kwa mara ya kwanza maishani niliona maji mengi kuliko ardhi na hakuna hata tone la kunywa. Fundi alishinda ameegemea ukuta akihesabu kwa vidole siku zilizobaki mpaka mwaka wa mkewe. Kila asubuhi alianza kuhesabu upya. Ile siku haikuweza kusogezwa. Chakula cha watawa wale ni lazima kitolewe kabla ya saa sita mchana, maana jua likishapita utosini hawali tena mpaka kesho. Tukichelewa, tumechelewa.

Na Bombay tukachelewa. Meli ya kutupeleka Kolombo iliharibika mtambo, tukaambiwa tusubiri. Tulikaa bandarini tukila mikate na pilipili iliyonitoa machozi. Pale nilikutana na mchukuzi mmoja mweusi kama mimi, mwenye uso wa mjomba wangu Kilonzo, hata alama ya shavuni. Nilimkimbilia nikamwamkia kwa Kikamba, kisha kwa Kiswahili. Naye akanikumbatia, akanijibu kwa lugha ya Kihindi! Fundi alinieleza kwamba hao huitwa Sidi, mababu zao walichukuliwa kwetu zamani sana. Yule bwana alitaka kujua ukoo wangu. Nilimwambia. Akaurudia kwa shida, akacheka. Hakujua wake. Kila siku tuliyokaa pale alituletea maziwa moto, na siku ya kuondoka alinishika mkono mpaka filimbi ya mwisho.

Fundi alikuwa amekwisha kukata tamaa. "Nona atanisamehe," alisema mle melini. Nilimwambia hatutafuti msamaha, tunatafuta hekalu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwa sababu nami nilikuwa naogopa.

Treni ndogo

Toka Kolombo tulipanda treni ndogo ambayo ingeweza kupita ndani ya ghala letu la kahawa bila kugusa ukuta. Ilipita kwenye mashamba ya mpunga na minazi, na mvua ilinyesha kama iliyosahauliwa kuzimwa. Sijawahi kuona nchi yenye maji namna ile. Yalitoka kwenye paa, kwenye mawe, kwenye majani, yakapotea mitaroni, na hakuna aliyeweka hata sufuria kuyakinga. Mimi ni mtu wa Yatta. Mama yangu alitoka alfajiri kwenda mtoni na kurudi jua likiwa kali, na mtoto aliyemwaga maji alichapwa kuliko aliyeiba sukari. Mpaka leo nikiona kikombe kimejaa pomoni mkono wangu huenda wenyewe kukizuia. Nilitazama maji yale dirishani nikaumia moyo kama anayetazama chakula kikitupwa.

Tulifika mji ulio chini ya mlima siku moja kabla ya ile siku. Tulilala kwa mjane mmoja anayepokea mahujaji. Alitupa wali, samaki mkavu na fenesi bichi lililopikwa kama mboga, na chai isiyo na sukari. Sukari guru unashika mkononi, unauma kidogo, unapiga funda. Nduku, hiyo tutaijaribu.

Njia ya ngazi

Tulianza kupanda kulipopambazuka. Ni ngazi za mawe zilizochakaa katikati kwa miguu ya watu, na msitu pande zote. Nilipitisha mukwa kwenye paji la uso, mfuko mgongoni, mkono mmoja kwa Fundi na mwingine kwa fimbo. Ndiyo, chekeni. Kule hakuna aliyejua kwamba nimevaa kitu cha wanawake, na shingo yangu ilijifunza siku ile heshima ya kila mwanamke wa Kalimoni.

Tuliungana na kundi la wanawake wazee waliovaa nguo nyeupe, wakiimba polepole. Mkubwa wao, bibi mwembamba asiye na jino hata moja, alimshika Fundi mkono wa pili bila kuulizwa. Tulikwenda vizuri. Walituonyesha kupaka sabuni miguuni kuzuia ruba, wale wadudu wanyonya damu ambao walikuwa wamejaa ndani ya viatu vyangu bila mimi kujua. Nilijiona nimepokelewa. Basi nikafanya adabu ya kwetu. Sisi ukikutana na msafiri unamuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi, na kumebaki mbali kiasi gani, la sivyo unaonekana humjali. Nikamwambia Fundi amuulize bibi: kumebaki mbali?

Fundi alikuwa anahema, hakufikiri, akauliza.

Wimbo ukakatika. Bibi aliuachilia mkono wa Fundi kana kwamba umemchoma. Wanawake wote wakasimama, wakainamisha vichwa, wakaanza kusali.

"Tumekosa nini?" niliuliza.

Fundi alijipiga paji la uso. "Mimi mjinga. Nimekaa Ruiru mpaka nasahau. Kwa mlima huu hakuna mtu nauliza njia imebaki ngapi. Ukiuliza, unaambia mlima wewe umechoka naye. Njia inakuwa refu."

Nami, Mkristo wa miaka mingi, nawaambia kwamba njia ilikuwa ndefu. Mvua ilirudi, ngazi zikageuka mto, na mbele yetu udongo ulikuwa umeporomoka ukafunika njia. Tulisimama wakati wanaume wa kijiji wakichimba. Jua hatukuliona, lakini kila mtu alijua linapanda. Goti la Fundi lilikuwa limevimba. Alikaa juu ya jiwe akasema, "Mutua, peleka ndengu. Mimi nabaki hapa. Bora chakula ifike."

"Nipeleke kwa nani? Nitasema mimi ni nani?"

Nilifungua mukwa, nikampa mfuko bibi yule, nikamwinamia kwa ishara ya kuomba radhi, mikono yote miwili kifuani. Alinitazama. Akaupokea mfuko, akaupitishia kichwani mkanda wa Nduku kana kwamba ameutumia maisha yake yote, akatangulia. Mimi nikamchukua Fundi mgongoni. Alikuwa mwepesi, na hilo lilinitisha zaidi ya uzito. Nilipanda nikitazama mawe tu, na sikuuliza kitu.

Ndani ya ukumbi

Hekalu lenyewe si kubwa. Ni nyumba nyeupe iliyobanana na jabali, na paa la vigae, na ua uliofagiliwa safi hata katika mvua ile. Kengele ya chakula ilikuwa bado. Wanawake wa jikoni walipofungua mfuko wakapiga kelele za furaha, maana ndengu ni chakula chao cha sherehe, huzipika pamoja na wali kwenye tui la nazi. Walizionja mbichi, wakasema kitu. Fundi akatafsiri huku akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mombasa: "Nasema hizi zimepepetwa na mtu aliyependa."

Watawa waliketi mstari mmoja ukutani, vichwa vimenyolewa, mavazi ya rangi ya manjano iliyoiva. Tuliwapa chakula kwa mikono yetu. Mimi nilibeba sinia, na sikuona dhambi kumpa mtu chakula. Kulikuwa na sanamu kubwa imelala ubavu, macho nusu yamefumbwa. Sikuinama. Hakuna aliyeniambia niiname. Mzee Njuguna, hilo moja liweke moyoni.

Walipomaliza kula likaletwa birika la maji na kikombe kilichokaa ndani ya bakuli. Mtawa mkuu, mzee mwenye sauti ya chini, akauliza kitu. Akauliza tena.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza.

"Nauliza nani jamaa yake Nona. Jamaa ndiyo nashika birika pamoja, namwaga maji, na ile wema ya leo inakwenda kwa yeye. Mmoja peke yake hapana mzuri." Aligeuza macho yake meupe upande wangu. "Ndugu zake wamekwisha wote. Mimi nimesema jamaa yake ni wewe. Lakini mimi najua Njuguna alisema nini. Kama hutaki, mimi sina kinyongo."

Birika lilikuwa mbele yangu. Nilikumbuka mkono wa Mzee Njuguna begani na kanisa zima likinitazama. Nikakumbuka pia mkono mwingine, ulioushika wa Nduku kutwa nzima bila kuuliza sisi ni dini gani. Niliomba. Sala yangu haikuwa na maneno mazuri. Nilisema, Baba, huyu mwanamke unamjua. Kisha nikaweka mkono wangu juu ya mkono wa Fundi, tukainamisha birika.

Watawa walianza kukariri pamoja. Maji yalishuka membamba, kikombe kikajaa taratibu. Yalipofika ukingoni mkono wangu ukafanya ulichofundishwa tangu utoto. Ukainua birika. Maji yakasimama pomoni, hata tone halikutoka, na nilijisikia nimefanya vizuri.

Sauti za watawa ziliendelea, lakini wanawake nyuma yetu walinung'unika.

"Mutua, mbona umesimamisha?"

"Kimejaa, Fundi. Yatamwagika."

"Acha imwagike." Aliongea pole kama anayenifundisha mashine. "Ile nabaki ndani ya kikombe ni ya sisi. Ile namwagika ndiyo ya Nona."

Nikainamisha birika tena. Maji yalipita ukingo, yakateremka pande zote, yakajaa bakuli, na sikuyazuia. Nililia. Nililia kwa ajili ya Mama Nona, na kwa ajili ya mama yangu na debe lake, na kwa ajili ya babangu ambaye sikuwahi kumuuliza alikuwa anawaambia nini wale aliowamiminia. Tulimwaga mpaka birika likaisha.

Kurudi

Fundi hakurudi. Watawa walimpa chumba kidogo kando ya jiko, akasema hana haja ya kushuka tena. Asubuhi niliyoondoka alinisindikiza hadi ngazi ya kwanza, akipapasa ukuta.

"Mutua, moja tu. Mimi sina mtoto. Nona amepata watu wawili. Ya mimi nani atamwaga?"

Nilikohoa. Nikasema mvua inakuja, niwahi. Nikamshika mkono nikashuka, na bibi yule asiye na meno alikuwa chini akingoja na mukwa wa Nduku, ameukunja vizuri na kuupaka mafuta ya nazi.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, tena bila mtu wa kuongea naye. Mchukuzi wa Bombay sikumkuta.

Mnajua yaliyofuata, ingawa hamjui yote. Juma lililopita sonara mmoja wa Mombasa, mtu wa kisiwa kile kile, alikuja kiwandani kunitafuta. Fundi Silva amefariki, katika usingizi, mle hekaluni. Nilimshukuru, nikamaliza kazi ya siku, nikaenda nyumbani.

Nilichukua birika la chai, nikalijaza kutoka kwenye debe, nikaweka kikombe ndani ya bakuli pale uani Kalimoni, mahali ambapo jirani yeyote anaona. Nilijua itafika kanisani kabla ya Jumapili. Ikiwa nitawekwa benchi la nyuma, nitakaa, na kuimba nitaimba kutoka huko. Nikaanza kumimina. Kikombe kilipojaa mkono wangu ukasita, nikaulazimisha. Maji yakamwagika kwenye vumbi.

Nduku alikuwa anaingia kutoka mtoni, debe la pili mgongoni, mukwa kwenye paji la uso. Alisimama.

"Ithe wa Mumbua! Hiyo maji nimebeba na hii shingo, na wewe unamwaga chini?"

"Ni ya Fundi," nilisema. "Hana mtu mwingine. Na mmoja peke yake si vizuri."

Nduku akashusha debe, akafungua mukwa, akajipangusa jasho. Akaja akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Mimina basi," akasema. "Na ikiisha, hii nyingine imejaa."